Walter Rodney na urithi wa kulihesabu jasho la mfanyakazi

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa pamba katika kata ya Sapiwi, wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, hupanda mbegu kati ya Novemba na Desemba, na huanza kuchuma miezi mitano au sita baadaye. Katikati hapo hupunguzia miche, hupalilia na kupulizia dawa ya wadudu. Kisha huchuma kwa mkono, tumba baada ya tumba, na kutenganisha pamba safi na pamba fifi. Anapofika kwenye mizani ya chama cha msingi cha ushirika, bei imekwisha kutangazwa, nayo imetokana na hesabu za soko la dunia ambalo yeye hajapata kuliona.

Hata hivyo, kijana anayetoka mjini na kurudi kijijini kushika jembe huambiwa na wenzake kwamba hana kazi. Kauli hiyo husemwa kwa mzaha, lakini ndani yake kuna swali zito. Kazi ni nini? Nani huihesabu, na faida yake huishia mikononi mwa nani?

Swali hilo ndilo lililoyatawala maisha mafupi ya Dk. Walter Rodney, mwanahistoria na mwanaharakati wa Guyana aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960 na 1970. Rodney aliuawa kwa bomu jijini Georgetown, Juni 13, 1980, akiwa na umri wa miaka 38. Cheti chake cha kifo, katika sehemu inayoeleza kazi ya marehemu, kilimtaja kuwa ni mtu asiye na kazi. Ilipita miaka 41 ndipo Serikali ya Guyana ilipotangaza, mwaka 2021, kwamba cheti hicho kisahihishwe na kumtaja kuwa profesa.

Mtu aliyetumia uhai wake kuandika historia ya wavuja jasho aliandikwa kuwa hana kazi. Makala haya yanaeleza alikuwa nani, alifanya nini hapa Tanzania, na kwa nini maswali yake bado yanamhusu mkulima wa Sapiwi pamoja na mkazi wa mjini anayevaa nguo iliyotokana na pamba.

Mtoto wa fundi cherehani

Walter Anthony Rodney alizaliwa Georgetown, Machi 23, 1942, wakati nchi hiyo ikiwa koloni la Uingereza. Baba yake alikuwa fundi cherehani na mama yake alikuwa mshonaji. Kwa juhudi za masomo alipata nafasi katika shule ya Queen's College, kisha akapata udhamini wa kusoma katika chuo kikuu cha visiwa vya Karibiani kilichoko Mona, Jamaica. Huko alihitimu shahada ya historia ya daraja la kwanza mwaka 1963.

Kutoka Jamaica alikwenda London, ambako alipata shahada ya uzamivu mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 24. Tasnifu yake ilihusu pwani ya Guinea ya juu, Afrika Magharibi, kati ya mwaka 1545 na 1800, nayo ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1970. Akiwa London alihudhuria pia duru ya masomo iliyoongozwa na C. L. R. James, mwanazuoni mashuhuri wa Trinidad, ambamo vijana wa Karibiani walisoma na kujadiliana juu ya mapinduzi na harakati za wafanyakazi.

Mwaka huohuo wa 1966 alikuja Dar es Salaam kufundisha historia kwa muda mfupi. Mwanzoni mwa 1968 alirudi Jamaica kufundisha katika chuo alichosomea. Huko hakuishia darasani. Alikwenda kwenye vitongoji vya watu maskini wa Kingston, akaketi chini pamoja na vijana wasio na ajira na waumini wa Rastafari, wakazungumza juu ya historia ya Afrika. Kwa serikali ya wakati huo, msomi mwenye shahada ya uzamivu aliyekaa vibarazani na walalahoi alionekana kuwa hatari.

Oktoba 15, 1968, alipokuwa akirejea kutoka kwenye mkutano wa waandishi weusi uliofanyika Montreal, Canada, Rodney alizuiwa kuingia Jamaica. Siku iliyofuata wanafunzi na wakazi wa Kingston waliandamana, na ghasia zikazuka. Mazungumzo yake ya kipindi hicho yalikusanywa katika kitabu kidogo, The Groundings with My Brothers, kilichotoka London mwaka 1969. Mwaka huo Rodney na familia yake walirejea Dar es Salaam, na mabinti zake wawili walizaliwa hapa Tanzania.

Mlimani katika miaka ya mijadala

Tanzania aliyoirudia ilikuwa nchi ya Azimio la Arusha, lililotangazwa mwaka 1967. Benki na makampuni makubwa yalikuwa yametaifishwa, na vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika vilikuwa na ofisi zake Dar es Salaam. Chuo cha Mlimani, ambacho mwaka 1970 kilikuwa chuo kikuu kamili, kilikuwa uwanja wa mijadala iliyowavuta wasomi kutoka pembe nyingi za dunia.

Wanafunzi walikuwa wameunda chama cha kimapinduzi kilichojulikana kwa kifupi kama USARF, ambacho Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa Rais wa Uganda, alikuwa mwenyekiti wake. Wengine waliokuwamo katika harakati hizo ni Issa Shivji, Karim Hirji na Henry Mapolu. Wanafunzi hao walichapisha jarida liitwalo Cheche, waliendesha madarasa ya itikadi siku za Jumapili, na walikwenda kufanya kazi katika vijiji vya ujamaa. Rodney alikuwa mwalimu na mshiriki wao.

Wanaomkumbuka kama rafiki wa Tanzania mara nyingine husahau kwamba urafiki huo haukukosa misukosuko. Desemba 1969 alitoa hotuba katika semina ya vijana wa Afrika Mashariki na Kati, akazikosoa vikali serikali za Afrika huru. Gazeti la The Nationalist, lililokuwa la TANU, lilimjibu kwa tahariri kali. Rodney naye aliandika barua ya kujieleza, akaendelea na kazi yake. Novemba 1970 USARF na jarida la Cheche vilipigwa marufuku. Kwa mtazamo wa serikali, Umoja wa Vijana wa TANU ulitosha kuwa jukwaa la vijana.

Hata hivyo Rodney hakufukuzwa nchini, wala hakunyimwa darasa. Aliiunga mkono siasa ya Ujamaa, na mwaka 1972 aliandika makala ndefu ya kitaaluma akiilinganisha na ujamaa wa kisayansi. Alisimama mahali pagumu: aliitetea nchi iliyompokea mbele ya maadui zake, na papo hapo aliwakumbusha viongozi wake kwamba Ujamaa usio na mfanyakazi na mkulima katika uamuzi hubaki kuwa jina tu.

Kitabu cha mwaka 1972

Ni hapa Dar es Salaam alikoandika kitabu kilichompa umaarufu duniani, How Europe Underdeveloped Africa, yaani namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Kilichapishwa mwaka 1972 na Tanzania Publishing House kwa ushirikiano na Bogle-L'Ouverture ya London. Abdulrahman Mohamed Babu, aliyekuwa waziri na mwanasiasa mashuhuri wa mrengo wa kushoto, alikiandikia maneno ya mwisho. Hirji na Mapolu, waliokuwa wanafunzi, ni miongoni mwa waliosoma mswada wake.

Hoja kuu ya kitabu inajulikana. Umaskini wa Afrika na utajiri wa Ulaya si mambo mawili yaliyotokea kwa bahati, bali ni matokeo ya uhusiano mmoja uliojengwa kwa biashara ya utumwa na kisha kwa ukoloni. Kinachosahaulika ni kwamba sehemu kubwa ya uthibitisho wake inatokana na hesabu za kazi na ujira.

Mathalan, anamweka mchimbaji wa makaa ya mawe wa Enugu, Nigeria, kando ya mwenzake wa Uskoti au Ujerumani. Kazi ni ileile, giza ni lilelile na hatari ni ileile. Lakini malipo ya Mwafrika kwa wiki nzima ya siku sita yalilingana na kile ambacho Mzungu aliweza kukipata kwa saa moja. Tofauti hiyo haikupotea hewani. Ilikwenda mahali, na Rodney alitaka msomaji apajue mahali hapo.

Kwa mkulima mdogo hesabu ilikuwa ya namna nyingine, kwa sababu yeye hakuwa na mwajiri wala siku ya mshahara. Rodney alionyesha kwamba naye alinyonywa, ila kwa njia ya bei. Aliuza zao kwa bei ndogo iliyopangwa na wengine, akanunua bidhaa za viwandani kwa bei kubwa iliyopangwa na walewale. Katikati walikaa madalali, wachambuaji wa pamba, makampuni ya meli na mabenki, kila mmoja akichukua fungu lake. Mazao ya biashara yaliongezeka mwaka hadi mwaka, lakini zana ya mkulima aliye wengi ilibaki kuwa jembe la mkono.

Manamba wa mashamba ya mkonge

Isichokijua hadhira kubwa ni kazi ya Rodney iliyohusu wafanyakazi wa Tanganyika yenyewe. Alifanya utafiti juu ya uchumi wa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, uliochapishwa mwaka 1976. Pamoja na Kapepwa Tambila na Laurent Sago aliandika pia juu ya vibarua wa kuhamahama katika mashamba ya mkonge, kazi iliyochapishwa Hamburg mwaka 1983, miaka mitatu baada ya kifo chake.

Vibarua hao waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alitambulishwa kwa namba. Waliandikishwa katika mikoa ya mbali, na tangu mwaka 1944 wamiliki wa mashamba walikuwa na wakala wao wa kuandikisha vibarua, uliojulikana kama SILABU. Walisafirishwa hadi Tanga, Morogoro na kwingineko kukata mkonge kwa mkataba. Kila mmoja alikuwa na kadi ya kipande iliyowekwa alama kwa siku ya kazi iliyokamilika. Siku ambayo hakuimaliza sehemu yake ya kazi haikuhesabiwa.

Utafiti wa namna hii ulifichua jambo ambalo vitabu vya hesabu vya mashamba havikuliandika. Ujira wa manamba uliweza kuwa mdogo kiasi kile kwa sababu mkewe na watoto wake walikuwa kijijini wakijilisha wenyewe. Mwajiri alimlipa mtu mmoja, tena kidogo, na kijiji kikabeba gharama ya kumzaa, kumlea na kumpokea anapozeeka au kuugua. Kwa maneno mengine, mwanamke aliyepalilia mtama katika mkoa wa mbali alikuwa akichangia faida ya shamba la mkonge la Tanga, ingawa jina lake halikuwamo katika orodha yoyote ya malipo.

Ni katika hatua hii ndipo habari ya mkonge inapokutana na habari ya pamba.

Mizani ya Usukuma

Wasukuma, pamoja na jirani zao Wanyamwezi, walikuwa miongoni mwa wapagazi wa misafara ya karne ya 19, na baadaye wakawa miongoni mwa vibarua wa mwanzo wa mashamba ya walowezi. Pamba ilipoenea Usukuma chini ya utawala wa Waingereza, familia nyingi ziliona njia nyingine ya kupata fedha ya kodi bila ya kumpeleka kijana kuwa manamba. Pamba ilikuwa nafuu. Mtu alilima kwake, kwa muda wake, na watoto wake wakiwa karibu.

Lakini nafuu hiyo ilikuwa na mlango, na mlango huo ulikuwa mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walilalamika kwamba walipunjwa uzito kwenye vituo vya kununulia pamba. Dawa waliyoibuni ilikuwa rahisi. Waliweka wapimaji wao wenyewe, ili mzigo upimwe mbele ya macho ya mwenye mzigo. Kutokana na vuguvugu hilo vilizaliwa vyama vya ushirika vilivyoongozwa na Paul Bomani, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Mwishoni mwa muongo huo ushirika ulikuwa ndio mnunuzi wa pamba ya jimbo hilo, na ulimiliki viwanda vya kuchambulia pamba.

Jambo hilo lilitokea wakati TANU yenyewe ilikuwa imekatazwa kufanya kazi katika jimbo hilo kwa miaka kadhaa kabla ya uhuru. Wakulima wasioruhusiwa kuwa na chama cha siasa walijifunza siasa kwenye mizani.

Yaliyofuata baada ya uhuru hayakunyooka. Mei 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi yake ikachukuliwa na mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha. Mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, na kuanzia msimu wa 2018 ununuzi ulielekezwa kupitia vyama vya msingi. Mwaka 2019 bei ya dunia ilishuka wakati bei ya ndani ilikuwa imetangazwa kuwa Sh 1,200 kwa kilo, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi walisubiri malipo yao kwa miezi.

Bariadi ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, na Simiyu imekuwa ikiongoza kwa uzalishaji wa pamba nchini. Lakini sehemu kubwa ya nyuzi zinazochambuliwa Tanzania husafirishwa nje zikiwa marobota, kabla ya kusokotwa kuwa uzi. Robota la pamba huondoka bandarini, na robota la mitumba hushushwa bandarini. Mkazi wa Dar es Salaam anayechagua fulana ya mtumba Karume au Manzese hana namna ya kujua kama pamba yake ililimwa na nani. Anachoweza kujua ni kwamba kati ya mchumaji na mvaaji yamepita malipo mengi, na la mchumaji ni miongoni mwa yale madogo.

Rodney hakuwa wa kwanza kuliona hilo, kwani wakulima waliosimamia mizani walikuwa wamekwisha kuliona. Alichofanya ni kuwapa maelezo yanayounganisha mizani ya kijijini na soko la Liverpool, na kuwaonyesha kwamba kupunjwa kwao hakukuwa uovu wa karani mmoja tu.

Kurudi Guyana

Mwaka 1974 Rodney aliondoka Tanzania. Alikuwa ameteuliwa kuwa profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Guyana, lakini uteuzi huo ulifutwa kwa shinikizo la serikali ya Forbes Burnham. Wengi walitarajia kwamba angekwenda kufundisha ng'ambo moja kwa moja, kwa kuwa vyuo vya nje vilimtaka. Yeye alibaki, akaishi kwa kuandika na kwa mihadhara ya muda mfupi nchi za nje. Katika mmojawapo alieleza migongano ya kitabaka nchini Tanzania, yakiwamo matukio yaliyofuatia Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, wafanyakazi waliposusia mameneja wenye kiburi, na hata kukitwaa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, mwaka 1973.

Nyumbani alishiriki katika Working People's Alliance, vuguvugu la watu wafanyao kazi lililogeuka kuwa chama cha siasa mwaka 1979. Lengo lake kubwa lilikuwa kuwaunganisha Waguyana wenye asili ya Afrika na wale wenye asili ya India, makundi ambayo wanasiasa walikuwa wameyatenganisha kwa miaka mingi. Alifundisha historia kwa wachimbaji wa boksiti wa Linden na kwa wafanyakazi wa mashamba ya miwa.

Wakati huohuo aliandika kitabu ambacho wanahistoria wengi hukiona kuwa kazi yake iliyokomaa zaidi, historia ya watu wafanyao kazi wa Guyana kati ya mwaka 1881 na 1905. Kilichapishwa mwaka 1981 baada ya kifo chake, na mwaka 1982 kikapata tuzo ya Beveridge ya chama cha wanahistoria wa Marekani. Kitabu hicho hakianzi na magavana wala katiba, bali kinaanza na matope. Pwani ya Guyana iko chini ya usawa wa bahari, na mashamba ya miwa yasingekuwapo bila mifereji na kingo. Rodney anatumia makadirio ya tume moja ya mwishoni mwa miaka ya 1940, kwamba watumwa walihamisha tani zisizopungua milioni 100 za udongo mzito uliolowa maji, wakitumia sepetu mikononi mwao. Kwake nchi yenyewe, kabla ya sukari yake, ilikuwa imetengenezwa kwa mikono ya watu hao.

Kifo na haki iliyochelewa

Julai 1979 Rodney na wenzake walikamatwa, wakashitakiwa kuchoma moto jengo la serikali na chama tawala jijini Georgetown. Kesi haikufika mwisho. Usiku wa Juni 13, 1980, akiwa ndani ya gari pamoja na ndugu yake Donald, kifaa kilichofanana na redio ya mawasiliano kililipuka mapajani mwake. Kifaa hicho walikuwa wamekabidhiwa na Gregory Smith, askari aliyekuwa fundi wa vifaa vya elektroniki. Donald alinusurika. Smith aliondoka nchini, na alifariki mwaka 2002 katika Guyana ya Ufaransa bila ya kufikishwa mahakamani.

Uchunguzi wa mwaka 1988 ulikiita kifo hicho ajali au bahati mbaya. Tume iliyoundwa mwaka 2014, ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka 2016, ilifikia hitimisho tofauti kabisa: Smith alisaidiwa na vyombo vya dola, na Burnham alijua mpango huo. Mwaka 2021 ndipo serikali ilipotangaza hatua za kurekebisha kumbukumbu, ikiwamo cheti cha kifo.

Wanaompinga

Si wote wanaomkubali. Wapo wanahistoria wa uchumi wanaosema kitabu cha 1972 kilielekeza lawama nyingi mno nje ya Afrika, kikawapa watawala wa ndani kisingizio cha kujificha. Wengine wanataja nchi za Asia zilizopitia ukoloni na baadaye zikajenga viwanda. Wengine wanalalamikia ukosefu wa rejea za kina.

Hoja hizo hazistahili kupuuzwa. Usukuma wenyewe unatoa mfano wa kuzingatia, kwani mapato ya pamba yaliwawezesha wakulima wengi kununua majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Mkulima hakuwa mtu wa kutendewa tu. Lakini ni haki pia kukumbuka kwamba Rodney alikiandika kitabu hicho kwa ajili ya wasomaji walio nje ya kuta za chuo, na kwamba hakuwasamehe watawala wa Kiafrika. Tahariri ya mwaka 1969 ni ushahidi wa hilo. Aliuawa akipambana na serikali ya nchi huru, si ya mkoloni.

Urithi wake Tanzania

Nyuma yake kumebaki kizazi cha wasomi wa Kitanzania waliolichukua suala la kazi kwa uzito. Mapolu alihariri kitabu kuhusu wafanyakazi na menejimenti mwaka 1976. Shivji alichapisha mwaka 1986 utafiti wake juu ya sheria, dola na tabaka la wafanyakazi wa Tanzania, na mwaka 2008 akawa profesa wa kwanza wa Kigoda cha Mwalimu Nyerere katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hirji aliandika mwaka 2017 kitabu kizima kutetea umuhimu wa kazi ya mwalimu wake. Hifadhi kubwa ya nyaraka za Rodney iko Atlanta, Marekani.

Lakini urithi wa msomi wa aina yake haupimwi kwa makabati ya nyaraka. Kingston na Linden alifundisha watu ambao hawakuwa na namba ya usajili ya chuo chochote, kwa imani kwamba mwenye kufanya kazi ana haki ya kuijua hesabu ya kazi yake. Kwa kipimo hicho, Tanzania bado ina deni. Mjadala kuhusu Rodney umebaki zaidi katika kumbi za mihadhara na katika Kiingereza, ilhali wanaohusika nao zaidi wanazungumza Kiswahili na Kisukuma kwenye vituo vya kununulia pamba.

Deni hilo linaweza kulipwa kwa mambo yasiyo makubwa. Mwanachama wa ushirika anaweza kusomewa, kwa lugha anayoielewa, bei ilivyopatikana, makato ni yapi na yanakwenda wapi. Historia ya wapimaji wa miaka ya 1950 inaweza kufundishwa katika shule za Simiyu kama inavyofundishwa historia ya vita na mikataba. Na takwimu za taifa zinaweza kumhesabu mke na mtoto wanaochuma pamba kuwa wafanyakazi.

Cheti cha Georgetown kilihitaji zaidi ya miaka 40 ili kukiri kwamba Walter Rodney alikuwa na kazi. Kijana wa Sapiwi anayeambiwa leo kwamba hana kazi, huku akiwa amebeba mzigo wa pamba kuelekea kwenye mizani, hapaswi kusubiri muda mrefu kiasi hicho.